Tujifunze Kufumua Kabla ya Kubofya

Wanachama wenzetu na walimu wetu,

Mwezi wa Novemba uliopita sisi wanafunzi wa uhandisi ndani ya klabu hii tuliziweka kando bodi tano za saketi. Hazikuwa zimeungua wala kuvunjika. Zilikuwa mpya kabisa, za kijani, zenye jina la klabu yetu limechapwa pembeni kwa herufi nyeupe. Tulizilipia kwa michango yenu. Kwa hiyo mna haki ya kuelezwa kilichotokea, nasi tuna wajibu wa kusema nini kifanyike ili kisijirudie.

Tunachoamini ni hiki: mtu asibofye kitufe cha kuchora njia za saketi kwa mashine kabla hajajifunza kuzifumua njia hizo. Hatusemi mashine isitumike. Tunasema kwamba anayejua kuchora tu, asiyejua kufumua, bado hajajua kuchora.

Tuanze na wenzetu wa fasihi na isimu, ambao pengine hawajawahi kukaa mbele ya programu hizi. Bodi ya saketi ni kibao chembamba, mara nyingi chenye unene wa milimita 1.6, kilichofunikwa kwa shaba yenye unene wa mikroni 35 hivi. Shaba isiyotakiwa huondolewa kwa dawa, ikabaki mistari myembamba inayobeba umeme badala ya nyaya. Mistari hiyo ndiyo tunayoiita njia. Paul Eisler, mhandisi Mwaustria aliyehamia London, alitengeneza redio yenye saketi ya namna hii mwaka 1936, na tangu hapo dunia imejaa bodi za aina hiyo: ndani ya simu, ndani ya friji, ndani ya rimoti ya televisheni.

Ukitaka kusanifu bodi kwa kompyuta, kwanza unapanga komponenti zako mahali pake. Programu inakuonyesha nyuzi nyembamba zinazotoka mguu mmoja wa komponenti kwenda mwingine. Uzi ni ahadi tu: unasema kwamba hapa na pale patakutana, lakini hausemi kwa kupitia wapi. Kazi ya msanifu ni kugeuza kila uzi kuwa njia halisi ya shaba, bila njia mbili kukatana juu ya tabaka moja. Zikitaka kukatana, moja inatobolewa kitundu na kushushwa tabaka la chini.

Kazi hii inachosha. Ndiyo maana kuna mashine za kuifanya. Mwaka 1961 mtaalamu aitwaye C. Y. Lee alichapisha mbinu ambayo hadi leo hufundishwa madarasani. Bodi hugawanywa kuwa vyumba vidogo vidogo kama karatasi ya hesabu. Unaanza chumba cha mguu wa kwanza, unaandika namba 1 kwenye vyumba vinavyokizunguka, 2 kwenye vinavyozunguka hivyo, na kuendelea, kama maji yanavyosambaa sakafuni, mpaka ufike mguu wa pili. Kisha unarudi nyuma ukifuata namba zinazopungua, na hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Kama njia ipo, mbinu hii itaipata.

Tatizo ni kwamba huipata njia moja moja. Njia iliyochorwa mwanzo hukaa kama abiria aliyewahi kiti cha karibu na mlango wa daladala: yeye yuko sawa, lakini kila anayepanda baada yake lazima amruke. Njia ya kumi inakuta ya tatu imeziba. Wenye mashine walifanyaje? Waliifundisha mashine kufumua. Mashine nyingi za kuchora njia zikikwama huing'oa njia iliyoziba, hupitisha ile iliyokwama, kisha huitafutia iliyong'olewa mahali pengine. Hufanya hivyo mara nyingi wala hazioni haya. Kitu ambacho mashine inakifanya bila kusita, sisi wanafunzi tunakiogopa.

Tunajua tunaogopa kwa sababu ndivyo ilivyotukuta.

Bodi zetu tano zilikuwa za kengele ya simtanki. Mama mzazi wa mwenzetu mmoja, huko Tanga, amezoea kupanda ngazi kila baada ya siku mbili kuchungulia kama maji yamebaki. Umri umekwenda, na magoti si yale. Tukaamua kumtengenezea kifaa kidogo chenye kipimo cha kina cha maji, betri moja ya lithiamu na moduli ya GSM ya kutuma ujumbe mfupi kwenye simu yake: maji yamefika robo, agiza. Mwenzetu angesafiri nacho Desemba.

Tulipanga komponenti vizuri. Ilipofika zamu ya njia, zimebaki siku mbili kabla ya kutuma kazi kiwandani, tukampa mashine. Tunatumia KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras akiwa katika chuo huko Grenoble, Ufaransa. KiCad haina mashine yake ya kuchora njia zote kwa mkupuo. Unatoa faili la aina ya DSN, unalifungua kwenye programu nyingine kama Freerouting, inachora, kisha unalirudisha faili la SES. Tulifanya hivyo. Dakika chache baadaye hakukuwa na uzi hata mmoja uliobaki. Asilimia mia. Tulipiga makofi.

Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye wengi mnamfahamu kwa kusuka nywele za wenzake bwenini, aliinama kwenye skrini akasema, "Samahani kaka, hii njia ya kutoka kwenye betri mbona nyembamba kama zile nyingine? Si tuifumue?"

Tukamjibu, "Usiguse, mdogo wetu. Kompyuta imeshamaliza."

Bodi zilikuja. Tukalehemu ya kwanza, tukaweka betri iliyochajiwa ikajaa, na ujumbe ukafika. Tukapiga makofi mara ya pili. Kesho yake asubuhi kifaa kilikuwa kinajizima na kujiwasha chenyewe kila kilipotaka kutuma ujumbe. Tukabadilisha moduli. Tukabadilisha kadi ya simu. Tukabadilisha programu ndani ya chipu. Siku nne zikapita kabla mmoja wetu hajachukua kalamu na karatasi.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha tatu. Njia ya kutoka kwenye betri hadi kwenye moduli ilikuwa na urefu wa milimita 60, upana wa milimita 0.25 na unene wa mikroni 35. Njia ya shaba ya vipimo hivyo ina ukinzani wa omu 0.12 hivi. Njia ya kurudi kwenye hasi ya betri ilikuwa ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo jumla ni omu 0.24. Moduli ya GSM ikituma haivuti umeme taratibu. Huuvuta kwa vipindi vifupi vya mikrosekunde 577, na katika kila kipindi inaweza kufikia ampea 2. Zidisha: karibu nusu volti inapotea njiani. Betri ikiwa imejaa ina volti 4.2, moduli inapata 3.7, inaridhika. Betri ikishuka hadi 3.7, moduli inapata 3.2 na kitu, na yetu haikubali chini ya 3.4. Inazimika. Betri ilikuwa nzima, moduli nzima, programu nzima. Njia ndiyo iliyokuwa nyembamba.

Kama njia ile ingefumuliwa na kuchorwa upya kwa upana wa milimita 2, na upande wa chini wa bodi ukaachiwa shaba tupu kwa ajili ya kurudisha umeme, upotevu wa njia ya kwenda ungekuwa chini ya volti 0.03. Kazi ya dakika kumi. Mdogo wetu aliiona kwa macho tu, sisi tulihitaji siku nne na bodi tano.

Desemba ilifika, mwenzetu akasafiri bila kengele. Mama bado anapanda ngazi.

Sasa, kosa ni la nani? Si la mashine. Mashine ilifuata kanuni tulizoipa, na tulikuwa tumeipa kanuni moja: kila njia milimita 0.25. Haikujua kwamba huku kuna ampea 2 na kule kuna taa ndogo isiyokula hata milimapea 5. Asilimia mia maana yake ni kwamba kila uzi umepata njia na hakuna kanuni iliyovunjwa. Haina maana kwamba bodi itafanya kazi. Sisi ndio tuliosoma asilimia mia kana kwamba ni alama ya mtihani.

Lakini kuna kosa la ndani zaidi, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Tulikuwa na nafasi ya kurekebisha, tuliambiwa kwa adabu, tukakataa. Kwa nini? Tumekaa tukaulizana, na majibu yetu ni matatu.

La kwanza, tulidhani kufumua ni kuharibu. Si kweli. Ukifumua njia, uzi wake unarudi pale pale. Mchoro wa saketi haubadiliki, komponenti hazisogei, ahadi ya kwamba hapa na pale patakutana inabaki. Kinachoondoka ni shaba tu, tena shaba ya kwenye skrini, ambayo haijagharimu hata senti.

La pili, hatukujua namna. Amri pekee tuliyoijua ni ile ya Tendua, yaani Ctrl na Z, ambayo kila mtu anaijua. Tendua hurudi nyuma hatua kwa hatua kwa mpangilio uleule uliopitia. Baada ya mashine kuchora, sisi tulikuwa tumeandika maandishi, tumesogeza jina la klabu, tumezungushia mpaka. Kujaribu kufika kwenye njia ya betri kwa Tendua kungefuta yote hayo kwanza. Na ukifunga programu, historia hiyo inapotea. Kufumua ni jambo jingine. Unachagua njia moja, ya leo au ya mwaka jana, unaing'oa hiyo tu, nyingine zote zinabaki. Kwenye KiCad unabofya kipande cha njia, unabonyeza herufi U mpaka vipande vilivyoungana navyo vyote vichaguliwe, kisha unafuta. Ukitaka kwa jumla, kuna dirisha la kufuta linaloweza kuziacha njia ulizozifunga kwa kufuli. Waliozoea EAGLE wana amri ya RIPUP: ukitaja jina la njia inafumuka hiyo, na ukitanguliza alama ya mshangao zinafumuka zote isipokuwa ulizozitaja. Altium nayo hukuruhusu kufumua bodi nzima, au mtandao mmoja, au muunganiko mmoja, au njia zote zinazogusa komponenti moja. Zana zipo. Hatukuwa tumeziuliza, na kuuliza si ujinga.

La tatu ndilo gumu kulisema. Tuliona aibu. Kazi ilikuwa imekwisha mbele ya watu, makofi yamepigwa, na anayesema tufumue ni mtoto wa mwaka wa kwanza anayetuamkia shikamoo. Kumkubalia kungekuwa kukiri kwamba tulishangilia kabla ya wakati.

Mdogo wetu huyu, tulipomwomba radhi, alituambia neno moja ambalo tumelichukua kama somo. Alisema ukikosea mstari mmoja wa msuko hufumui kichwa kizima, wala huuachi ukisema utafunikwa na kitambaa. Unaufumua ule mmoja, unauchana, unausuka tena, na mteja hata hajui. Ndipo tulipopata neno letu. Kwenye kamusi kufumua ni kutengua kilichofumwa, kilichosukwa au kilichoshonwa, na hicho ndicho hasa tunachokitaka: kutengua kazi ya mkono bila kutupa uzi. Tunapendekeza kwa walimu wetu wa Kiswahili kwamba klabu itumie Tendua kwa ile amri ya kurudi nyuma, na Fumua kwa hii ya kung'oa njia. Mtu mwenye maneno mawili hatachanganya mambo mawili.

Tunajua wapo watakaotupinga, na hoja zao tumezisikia jikoni bwenini.

Wako wanaosema: kama mashine inakosea, iacheni kabisa, choreni kila kitu kwa mkono. Hatukubaliani nao. Bodi yetu ilikuwa na nyuzi zaidi ya 60. Nyingi zilikuwa za vitufe, taa na kipimo cha maji, zinazobeba umeme kidogo na kwa mwendo wa polepole. Hizo mashine ilizichora vizuri kuliko ambavyo tungezichora sisi usiku wa manane. Kufumua zote kwa sababu moja mbaya ni hasira tu. Mwenye busara anafumua chache na kuzifunga nyingine kwa kufuli.

Wako pia wanaosema: muda hauruhusu, tarehe ya kukusanya kazi haisubiri mtu. Hapa tunawajibu kwa uzoefu. Sisi tuliokoa dakika kumi tukapoteza siku nne, bodi tano na safari ya Desemba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wetu ulilipiwa kwa michango ya klabu.

Na wako wanaosema kwamba mashine za kizazi kijacho zitakuwa na akili zaidi, hazitahitaji kufumuliwa. Huenda. Lakini hata hiyo mashine itahitaji kuambiwa kwamba kuna mama mwenye magoti mabovu, kuna betri itakayoshuka, na kuna jua la Tanga juu ya paa. Anayejua hayo ni msanifu. Na msanifu asiye na uwezo wa kusema "hapa hapana, rudi" ni mtazamaji.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo manne.

Kwanza, kwa bodi yoyote itakayolipiwa na klabu, njia za betri, ardhi, kristali ya saa na antena zichorwe kwa mkono kabla ya mashine kuitwa, kisha zifungwe kwa kufuli. Mashine ipewe zinazobaki, tena baada ya kuwekewa upana unaofaa kwa kila kundi la njia.

Pili, kabla mashine haijaanza, faili lihifadhiwe nakala kwa jina jingine. Nakala haina gharama, na inamwondolea mtu hofu ya kujaribu.

Tatu, mashine ikimaliza, msanifu akae na mwanachama mwingine, hata akiwa wa fasihi, amweleze kwa Kiswahili kila njia muhimu inatoka wapi, inakwenda wapi na kwa nini inapita hapo. Njia atakayoshindwa kuieleza aifumue. Tumejaribu jambo hili mara mbili mwezi huu. Mwenzetu wa isimu, ambaye hajui omu wala ampea, aliuliza swali moja tu: "Kwa nini hii inazunguka bodi nzima ilhali nyumba yake iko jirani?" Hatukuwa na jibu. Tuliifumua, na ilikuwa ya kristali.

Nne, kwa walimu wetu wa uhandisi, kwa heshima zote: tunaomba mturuhusu kukusanya nakala mbili za bodi, ile ya mashine na ile tuliyoifumua na kuichora upya, pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo. Kwa sasa alama zinatolewa kwa bodi ya mwisho tu. Mwanafunzi aliyefumua njia kumi na kujua sababu anapata sawa na aliyebofya kitufe akaenda kulala, ilimradi bodi zote mbili zimewaka mezani siku ile. Na yetu iliwaka mezani siku ile.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Sisi tulipotea, tena kwa njia ya milimita 60. Bodi moja kati ya zile tano tumeibandika ukutani kwenye chumba cha klabu, na njia ya betri tumeipaka wino mwekundu ili kila mwanachama mpya aulize ni ya nini.

Toleo la pili la kengele liko mezani. Safari hii anayeongoza uchoraji wa njia ni yule mdogo wetu wa mwaka wa kwanza. Juzi alifumua njia tatu ambazo sisi tuliziona nzuri. Mbili kati ya hizo tulimbishia, akatuonyesha hesabu, tukanyamaza. Kuna mwanachama atakayesafiri kwenda nyumbani mwezi wa Juni, na ameshaacha nafasi kwenye sanduku lake.